Kiti cha Nesi

Nesi alikuwa na tabia ya kukutazama kucha kabla hajaitikia salamu. Ukimwambia shikamoo, anakushika vidole, anavigeuza kwenye mwanga, anabonyeza kimoja aone damu inavyorudi, ndipo anasema, "Marahaba. Mboga za majani huli wewe." Aliwafanyia hivyo watoto, masheikhe, mapadri na wauza samaki. Siku moja nilimwona akimfanyia ofisa mkubwa wa wilaya mbele ya watu, na yule ofisa akatoa mkono wake kwa utii kama mtoto wa chekechea.

Mimi nina duka la steshenari hapa Kilwa Masoko. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za pasipoti na za viza. Yeye alikuwa akikaa Kivinje, amekwisha kustaafu hospitali, lakini jina la kazi lilimganda. Nadhani wengi hawakujua kama ana jingine. Mimi nililijua kwa kuwa nililichapa mara nyingi kwenye fomu, ila mdomoni halikuwahi kunijia.

Alipostaafu ndipo safari zilipoanza. Kulikuwa na jumuiya moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiwalipia watu wasio na uwezo kwenda India kutibiwa moyo. Ililipa tiketi mbili kwa kila safari: ya mgonjwa, na ya msindikizaji mmoja. Na kwa kuwa wagonjwa wetu wengi walitoka huko ndani, Mitole na Nyangamara, watu ambao hawajavuka hata Rufiji, jumuiya ilitaka msindikizaji awe mtu anayejua dawa na anayejua Kiingereza. Akawa Nesi. Mara tano, mara sita kwa mwaka, anaondoka na mgonjwa anayetweta, anarudi baada ya wiki kadhaa na mtu anayetembea mwenyewe. Si kila mara, lakini mara nyingi.

Safari zile zilimzalia kitu ambacho hakukiomba. Shirika la ndege walilokuwa wakipanda lilikuwa na utaratibu wa kumtunza msafiri wake wa kila mara. Ukiruka unapewa pointi kwa umbali uliokwenda. Pointi zikijaa unapata tiketi ya bure. Na ukizidi kusafiri unapewa kadi ya dhahabu. Nesi alikaa miaka miwili bila kulijua hilo. Alikuja kulielewa dukani kwangu, siku niliyomfungulia barua pepe zake, na nilipomsomea idadi ya pointi alinitazama kama mtu aliyeambiwa ana mimba ya mapacha.

"Kwa hiyo naweza kumchukua mtu?"

"Mtu mmoja. Kwenda na kurudi."

"Yeyote?"

"Yeyote utakayemtaja jina."

"Basi chapa jina la mama yake yule binti wa Nyangamara."

Tangu hapo ndivyo alivyozitumia. Jumuiya ilimlipia mgonjwa na Nesi, pointi za Nesi zikamlipia wa tatu: mama, mume, dada mkubwa, mara moja babu mmoja aliyevaa koti la mvua safari nzima kwa kuhofia kwamba ndege inavuja. Alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo. "Mtu hafunguliwi kifua mbele ya wageni watupu." Alikuwa ameona wanaume wazima, watu wa kukata msitu na kuua nguruwe pori, wakigoma kupanda kitanda cha kuingilia chumba cha upasuaji, wakiomba warudishwe kwao wakafie huko. Akitokea mke, akamshika mguu tu, mtu anatulia. "Woga hauna dawa, mwanangu," aliniambia. "Una mwenzake."

Nikisema hivi mtu anaweza kudhani alikuwa mpole. Hakuwa. Alikuwa na ulimi wa kukwaruza. Mgonjwa akilia uwanja wa ndege alimwambia, "Machozi hayo yafunge, huko mbele kuna kazi nayo." Ukimshukuru alikukatiza katikati ya sentensi na kukuuliza kama umeshakunywa dawa ya mchana. Hakupenda kuguswa bega. Na alikuwa na upendeleo wa wazi: wagonjwa waliouliza maswali aliwapenda, waliokaa kimya walimuudhi, ingawa hao ndio aliowaamkia usiku mara nyingi zaidi kuwapima. Safarini alibeba ndimu, chumvi, kanga mbili kuukuu, unga wa muhogo na dagaa wa kutosha, kwa sababu alijua wali wa kule na viungo vyake utamshinda mtu wa Kilwa siku ya tatu. Kadi ya dhahabu ilimruhusu mzigo wa ziada. Mzigo wake wote wa ziada ulikuwa unga.

Kadi yenyewe aliionea fahari, na hilo silifichi. Aliiweka kwenye pochi mbele ya kitambulisho cha taifa. Harusini Kivinje niliwahi kumwona akiitoa na kuilaza mezani eti anatafuta pipi iliyokuwa chini yake, akaiacha pale mpaka mama mmoja akauliza ni kitu gani. Alipenda wahudumu wa ndege walivyomsalimu kwa jina lake kamili. Alipenda kupita mstari mfupi. Lakini faida aliyoitaja sana ilikuwa launji, ule ukumbi wa kupumzikia wenye makochi, kwenye uwanja wa katikati ambako walibadilisha ndege. Pale palikuwa na kungoja kurefu, tangu alfajiri mpaka alasiri. Mwenye kadi aliruhusiwa kuingia na mtu mmoja. Nesi aliingia na mgonjwa, akamlaza kwenye kochi, akamwinua miguu. Yule wa tatu alibaki nje kwenye viti vya kawaida, na Nesi alitoka kila baada ya muda kumpelekea biskuti kwenye kitambaa.

Kuna mambo mawili lazima niyaseme, la kwake na la kwangu.

La kwake alinisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, tukingoja umeme urudi ili nimtolee kopi. Safari mojawapo ya mwanzo baada ya kupata kadi, isiyokuwa na mtu wa tatu, walimpa kiti cha mbele, cha mabwana, cha kulala. Akaenda. Alijiambia ni saa chache tu, na mgonjwa, bibi mmoja wa makamo, amesinzia. Alikula kwa uma wa chuma, akalala fofofo. Aliporudi nyuma alimkuta yule bibi amejilowesha. Alikuwa ameamka, hajui choo kiko wapi, hajui jinsi ya kufungua mkanda, na ameona haya kumgusa Mzungu aliyekaa pembeni. "Alinitazama," Nesi alisema, "akaniambia, 'Samahani, Nesi.' Yeye ndiye aliyeniomba samahani mimi." Tangu siku hiyo walipompa kiti cha mbele alikikataa, na nina hakika kilimuuma kila mara, maana alikuwa mtu wa kupenda vizuri.

La kwangu ni hili. Maneno yalizuka Kivinje kwamba Nesi anauza zile nafasi za tatu, kwamba wenye jamaa wanampa kitu kwanza. Nikayaamini kwa siku kama tatu, na siku ya nne nikamuuliza. Hakukasirika usoni. Alisema, "Namba zao zote unazo wewe, uliwajazia fomu. Wapigie." Akachukua karatasi zake akaondoka, na mwezi mzima akapeleka kazi duka la jirani. Alirudi kwa sababu kule walikosea jina la mgonjwa mmoja kwenye viza. Sikupiga simu kwa yeyote, na sikumwomba radhi ipasavyo. Nilimtolea kopi bora tu, akazikagua moja moja, akasema, "Hizi zinasomeka."

Barua ya shirika la ndege ilikuja mwanzoni mwa kiangazi, wakati wakulima wa ufuta wanaanza kuvuna. Ilianza kwa kumshukuru kwa uaminifu wake. Kisha ikasema utaratibu unaboreshwa. Nilimsomea, nikaona nirudie kwa lugha nyepesi. Pointi hazitahesabiwa tena kwa umbali. Zitahesabiwa kwa bei ya tiketi. Tiketi za jumuiya zilikuwa za bei ya chini kabisa, kwa hiyo safari nzima ya India sasa itampa pointi kiduchu. Tiketi ya bure nayo haitakuwa na kiwango kimoja. Itapanda kadiri ndege inavyojaa. Na kwa pointi hizo unaweza kumkatia tiketi ndugu yako uliyemwandikisha tu, si mtu baki. Kadi ya dhahabu itakwisha mwisho wa mwezi, kwa kuwa itakuwa ya wanaolipa zaidi.

"Soma tena hapo pa ndugu," alisema.

Nikasoma tena.

"Wanataka wathibitishe vipi undugu?"

"Kwa vyeti, Nesi."

Dukani alikuwamo mnunuzi wa korosho wa Lindi, mtu mwema, anayesafiri mara tatu kwa mwaka kwenye viti vya mbele kwa gharama ya kampuni. Aliposikia akatoa simu yake akatazama. "Ajabu," alisema, "mimi wamenipandisha. Nimekuwa wa dhahabu." Akamwona Nesi alivyo, akaona haya, akasema angempa pointi zake zote kama wangemruhusu. Nadhani angempa kweli. Nesi alimshika vidole akavitazama kucha. "Punguza chumvi," akamwambia, akatoka.

Tatizo halikuwa kadi. Tatizo lilikuwa Anastazia.

Anastazia alikuwa mke wa Kaspari, mkulima wa Mitole, ambaye moyo wake ulikuwa na mlango usiofunga sawasawa. Kaspari alikuwa mtu mrefu aliyezoea kucheka, na sasa hawezi kutembea kutoka nyumbani mpaka kisimani bila kukaa njiani mara mbili. Jumuiya ilikuwa imemkubali. Nesi alikuwa ameshamwahidi Anastazia kiti, kwa kinywa chake, mbele ya wazee wa pande mbili. Pasipoti nilishamjazia mimi, imeshatoka. Alikuwa ameshaacha watoto kwa dada yake na ameshauza mbuzi kununua viatu na sweta.

Tulijaribu. Nesi alinichapisha barua kwa shirika la ndege, akiwaeleza ni nani aliowasafirisha kwa pointi zile, mmoja mmoja. Ilikuwa barua ndefu, na ndiyo mara pekee nilipomsikia akiwataja wote. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la adabu, likimwita mteja wetu mpendwa na kumwelekeza kwenye ukurasa wa masharti. Niliandika tena. Jibu lilikuwa lile lile, hata nukta. Jumuiya nayo ilisema haina uwezo wa tiketi ya tatu. Wagonjwa wanaosubiri ni wengi. Nayo ilisema kweli.

Alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Chapa barua kwa jumuiya," alisema. "Sema msindikizaji wa Kaspari ni mkewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki."

"Nesi, yule mama hajawahi hata kupanda ndege. Kiingereza hajui."

"Hospitali kuna mkalimani, Mhindi mmoja anayejua Kiswahili chetu vizuri tu. Nitampigia. Njiani ndiko kwenye kazi. Nina wiki tatu za kumfundisha."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Alisema, "Hapana. Chapa."

Wiki tatu zile Anastazia alikaa nyumbani kwa Nesi Kivinje, na mimi nilikuwa nikienda jioni kupeleka karatasi. Nilimkuta akihesabu mapigo ya moyo ya Nesi, ya jirani, ya muuza mkate, huku akiikodolea saa macho. Nilimkuta akijifunza kufunga na kufungua mkanda wa kiti kwa kutumia mkanda wa begi. Nilimchapia kadi ndogo ndogo zenye maneno ya Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili: mume wangu ni mgonjwa wa moyo; tunaomba kiti cha magurudumu; lango letu liko wapi. Nesi alijifanya mhudumu mkali wa uwanja wa ndege, na alikuwa mkali kweli, mpaka Anastazia akatokwa machozi, akafuta, akatoa kadi akasoma tena. Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka Anastazia alisema, "Nesi, nitakosea." Nesi akajibu, "Utakosea. Na mimi nimekosea. Mwinue miguu tu, na usimwache peke yake."

Waliondoka. Upasuaji ulifanyika siku ya sita, na mkalimani akapiga simu kwamba umekwenda vizuri. Siku ya nne baada ya hapo akapiga tena. Damu ilikuwa imeganda mahali isipotakiwa, na Kaspari alifariki asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Mimi ndiye niliyekuwa na Nesi simu ile ilipoingia. Alisema innalillahi, akauliza maswali matatu ya kinesi, ya dawa, ya kipimo, ya saa ngapi, akashukuru, akakata. Madaktari wote aliowauliza baadaye walimwambia kitu kimoja: lile ni jambo linalotokea hata mtu akizungukwa na manesi kumi. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Lakini mwili uliporudishwa na kuzikwa Mitole, Nesi hakwenda. Yeye ambaye alikwenda maziko ya kila mtu, ya Waislamu na ya Wakristo, alisema ana homa. Kisha akaiandikia jumuiya kwamba watafute mtu mwingine. Barua hiyo aliiandika kwa mkono, hakuileta kwangu.

Siku hizi amehamia Lindi kwa mdogo wake, na tunazungumza kwa simu. Safari ya mwisho niliyokwenda naye ilikuwa ile ya Mitole. Ilikuwa imepita miezi saba tangu maziko. Alinijia akasema, "Unifuate kesho. Nikienda peke yangu nitashukia njiani."

Tulimkuta Anastazia uani akipepeta ufuta kwenye ungo, kavaa kitambaa cheusi kichwani. Alisimama, akampa Nesi shikamoo kwa kupiga goti, na Nesi akaitikia marahaba papo hapo, bila kumtazama kucha. Tukaketi mkekani. Tukapeana pole. Tulipewa uji wa muhogo wenye karanga. Watoto walikuwa shule. Mazungumzo yalikwenda kwenye mvua, kwenye nguruwe wanaochimba mihogo, yakaisha.

Ndipo Nesi akauliza alichokuja kukiuliza. "Pale katikati, mlipobadilisha ndege. Mlikaa wapi?"

"Chini," Anastazia alisema. "Viti vya pale vina vyuma katikati, mtu hajinyooshi. Nikatandika kanga karibu na dirisha, akalala, kichwa hapa." Akajigusa paja.

"Miguu ilivimba?"

"Ilivimba. Nikaiweka juu ya begi kama ulivyonifundisha."

"Sakafuni," Nesi alisema. "Tangu alfajiri mpaka alasiri." Akaweka bakuli la uji chini. "Ningekuwepo mimi, na kadi yangu ile ya zamani, angelala kwenye kochi."

"Na mimi ningekuwa wapi?"

Mimi na Nesi tulijua angekuwa wapi. Angekuwa nje, kwenye viti vya vyuma, na biskuti kwenye kitambaa.

Anastazia aliuweka ungo pembeni. "Nesi, tangu Kaspari anioe sikuwahi kukaa naye mchana kutwa bila jembe. Kukicha ni shamba. Tukirudi ni maji, ni kuni, ni watoto. Usiku kila mtu amechoka, hakuna wa kumwambia mwenzake neno. Siku ile hatukuwa na kazi. Hatukuwa na mtu tunayemjua. Ndege zinapanda, zinashuka, yeye kalala hapa ananiambia mambo. Mambo ya ujana wake, ambayo sikuyajua miaka yote hiyo. Ameniambia mpaka kwa nini alikuja kunichumbia mimi na siyo dada yangu. Tumecheka kwa Kimatumbi, watu wanatutazama. Nikamwambia, utachoka, nyamaza. Akasema, nitanyamazia wapi, na leo ndiyo nimepata nafasi."

Aliyasema hayo bila kulia. Nesi ndiye aliyeinamisha kichwa, na mabega yake, ambayo hakupenda yaguswe, yakawa yanatikisika. Anastazia akasogea akayashika yote mawili, na Nesi akamwacha.

Ilipita muda. Kuku waliingia kwenye ufuta, nikawafukuza. Nesi alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akavua viatu vyake, akanyoosha miguu kwenye mkeka.

"Alikuambia nini?" aliuliza.

Anastazia alitabasamu, akatazama chini, akaanza tangu mwanzo, siku Kaspari alipomwona mara ya kwanza kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Alikuwa msimuliaji mzuri. Alipofika kwenye habari za mahari nilisikia gari la mwisho la kuturudisha Nangurukuru likipiga honi barabarani, mara moja, mara mbili, kisha likaenda zake, wala hakuna aliyeinuka.